Gogo Linalosubiri Nyuki

Mfugaji wa nyuki wa Kulesa hanunui nyuki. Huchonga mzinga, akaupandisha mtini ukiwa mtupu, akashuka na kwenda zake shambani. Ndani hakuna malkia, hakuna sega, hakuna hata mdudu mmoja. Mvua hunyesha, mto hujaa, miti huchanua, na siku moja apitaye chini ya mti ule husikia mvumo. Mzinga umepata wenyewe.

Ufugaji wa namna hii umeenea Afrika Mashariki, kutoka misitu ya Tabora hadi Ukambani na pwani, na kwa sababu umeenea watu huupita bila kuutazama. Nami naona unastahili kutazamwa sana. Kuchonga uwazi ndani ya gogo, ukauandaa hata viumbe wa porini kwa maelfu wakakubali kuuhamia kwa hiari yao, bila kufungwa wala kulishwa, ni ufundi ambao sijui mwingine wa kuulinganisha nao. Mfinyanzi huamua chungu kiweje. Seremala huamua kiti kiweje. Mchonga mzinga hufanya kazi yake yote kwa ukamilifu, kisha humwachia nyuki neno la mwisho.

Kulesa ni kijiji cha Wapokomo kwenye Tana ya chini, upande wa Garsen, katika mlolongo mmoja na Wema na Hewani. Mto Tana ndio mrefu kuliko yote nchini Kenya, kama kilomita 1,000 kutoka mlimani hadi Bahari ya Hindi, na kwa sehemu kubwa ya safari yake ya mwisho hupita katika nchi kavu. Uhai hushikamana na kingo zake: migunga, mikuyu, mikindu, miembe iliyopandwa na mababu, na vipande vya msitu ambamo bado anaishi mbega mwekundu wa Tana, ambaye hapatikani penginepo duniani. Ukitoka mtoni mwendo mfupi tu, umeingia nyika ya Waorma na ng'ombe wao. Mto hujaa mara mbili kwa mwaka, majira ya masika na majira ya vuli, na maua hufuata maji. Nyuki nao hufuata maua. Mchonga mzinga wa huku, kwa hiyo, huanza kazi kwa kuhesabu miezi kabla ya kushika shoka.

Nyuki hawa wametoka wapi? Swali hilo liliwasumbua watu wenye akili kubwa kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Virgil, mshairi wa Roma, alikamilisha shairi lake refu la kilimo, Georgica, mnamo 29 KK, na kitabu chake cha nne chote kinahusu nyuki. Anasimulia humo njia ambayo, kwa maneno yake, watu wa Misri waliitegemea nyuki wao walipokufa wote. Huchaguliwa ndama dume wa miaka miwili, huingizwa katika chumba chembamba chenye madirisha manne, huzibwa pua na mdomo, hupigwa mpaka afe bila ngozi kupasuka, kisha hulazwa juu ya matawi, zaatari na mdalasini. Mwili ukianza kuvunda, nyuki huchipuka humo, kwanza bila miguu, kisha na mabawa, mpaka wakafumka kama mvua ya kiangazi.

Mkusanyiko wa maarifa ya kilimo ujulikanao kama Geoponica, uliopangwa Konstantinopoli katika karne ya 10, unaongeza vipimo. Chumba kiwe na dhiraa kumi kila upande, mlango mmoja, dirisha katika kila ukuta. Ng'ombe awe na miezi thelathini, mnene. Kila tundu la mwili wake lizibwe kwa kitambaa kilichopakwa lami. Mlango na madirisha vikandikwe udongo mpaka upepo usipenye. Baada ya wiki tatu, fungua ili mwanga na hewa viingie, kisha ziba tena. Siku ya kumi na moja baada ya hapo utakuta vichala vya nyuki, na ng'ombe amebaki pembe, mifupa na nywele.

Unyama wa jambo lenyewe unachukiza, na sina haja ya kuupamba. Lakini wasome waandishi hao kwa macho ya mtu aliyewahi kukaa karibu na mchonga mzinga, umwondoe ng'ombe katika habari, kisha utazame kilichobaki. Kimebaki chumba chenye giza. Kimekandikwa udongo. Kimetiwa majani yanukiayo. Kina mahali padogo pa kupitisha hewa. Kimeachwa wiki kadhaa bila mtu kukigusa, na msimu wake umechaguliwa, maana Virgil anasisitiza ifanywe kabla malisho hayajachanua. Kila kitu humo ni sawa isipokuwa yule ng'ombe! Geoponica yenyewe inamtaja Juba, mfalme wa Libya, kuwa alifundisha nyuki watengenezwe ndani ya sanduku la mbao. Mfalme huyo alikuwa amekaribia sana. Angelitundika sanduku hilo mtini likiwa tupu, angewapata.

Misri ya vitabu ilikuwa na ng'ombe, lakini Misri ya wafugaji ilikuwa na mizinga. Katika hekalu la jua la Farao Niuserre, huko Abu Ghurab, kuna mchongo wa mawe wa kama miaka 4,400 iliyopita, na ndio picha ya zamani kabisa ya ufugaji wa nyuki tunayoijua. Mtu amepiga magoti mbele ya mizinga iliyopangwa, wengine wanamimina asali vyombo kwa vyombo. Mizinga yenyewe imelala, mirefu, ya mviringo. Mzee wa Kulesa akionyeshwa picha hiyo hatahitaji kuelezwa ni nini. Yale maarifa yalikuwa mikononi mwa watu wasioandika, kando ya mto mwingine uliokuwa ukifurika kila mwaka, na waandishi wa Roma waliandika waliyosimuliwa kuhusu nchi ya mbali.

Wakulima wa kweli hata huko Roma hawakusadiki sana. Columella, aliyeandika katika karne ya kwanza baada ya Kristo na aliyekuwa na mashamba yake mwenyewe, anaitaja njia ya ng'ombe, anamtaja Mago wa Karthago aliyeifundisha, kisha anasema hakuna haja ya kuieleza kwa urefu, kwa sababu nyuki hawamwishii mtu kiasi cha kumlazimu kufika huko. Aristotle, karne nne kabla yake, alijadili uzazi wa nyuki kwa uangalifu mkubwa, akapima dhana moja baada ya nyingine, na mwisho akaandika kwamba mambo yenyewe hayajaonekana vya kutosha, na yakija kuonekana, macho yaaminiwe kuliko hoja. Kwangu mimi hayo ni maneno ya mtu ambaye angefaa kukaa uani Kulesa akatazama kazi.

Na kazi yenyewe huanza na gogo. Mti hautakiwi kuwa mbichi wenye maji, kwa kuwa mzinga utapasuka ukikauka. Wala usiwe umeoza, kwa kuwa nondo wa nta na mchwa wameshautangulia. Gogo hukatwa urefu wa mita moja hadi moja na nusu. Ganda lote hubanduliwa, kwa sababu chini ya ganda ndipo wadudu hujificha na unyevu hukaa. Kisha hupasuliwa kwa urefu, vipande viwili vilingane, na hapo hushikwa tezo.

Wapokomo ni watu wa mitumbwi. Tezo ichongayo mtumbwi wa kuvukia Tana ndiyo ichongayo mzinga, na mkono ni uleule, ila sheria mbili za kazi zinapingana. Mtumbwi hutakiwa uwe mwepesi, kwa hiyo fundi hupunguza kuta mpaka anapothubutu. Mzinga hutakiwa uwe mzito kiasi. Ukuta mwembamba utapitisha jua la Garsen, na nyuki wanahitaji majana yao, yaani watoto wao, yakae katika joto la karibu nyuzi 35, si zaidi sana wala si pungufu sana. Joto likizidi, nta hulegea na masega huanguka, asali ikamwagika na kuzamisha waliomo. Nyuki hujitahidi, huleta maji na kupepea kwa mabawa mlangoni. Lakini kila nyuki anayepepea ni nyuki ambaye hakwenda mauani. Fundi akiacha unene wa kidole gumba pande zote, amewapa msimu mzima wa kazi ambayo vinginevyo wangeimalizia katika kupepea.

Anajuaje unene huo? Hupiga konde kwa nje huku ameweka kiganja cha mkono mwingine kwa ndani. Sauti ikibadilika anahama. Hapana rula, na sijaona mahali ambapo rula ingemsaidia, kwa kuwa gogo lenyewe halikunyooka.

Ndani husawazishwa, lakini hapakwaruzwi mpaka pakateleza. Upande wa juu huachwa na ukali kidogo wa alama za tezo, kwa sababu hapo ndipo nyuki watakapong'ang'ania kwa miguu wakijenga sega la kwanza. Vipande viwili hurudishwa pamoja, hufungwa kwa waya au kamba, na mshono hukandikwa. Kila mwisho hupata kifuniko cha ubao. Kimoja hutobolewa vitundu vyembamba vya kutosha nyuki kupita na panya kushindwa. Kingine huachwa kizima, kiwe cha kufunguliwa na mwenye mzinga.

Hapo kuna hekima ambayo haionekani mpaka mtu aielezwe. Nyuki hulea watoto karibu na mlango na huweka akiba ya asali mbali nao. Kwa hiyo mzinga mrefu uliolala, wenye mlango mwisho mmoja, huwapanga wenyewe bila kuwalazimisha: majana mbele, asali nyuma. Anayekuja kurina hufungua nyuma, hukuta asali, hukata sega baada ya sega, na akianza kuona majana anasimama. Umbo la gogo limemwambia aishie wapi.

Kisha huja kazi ya harufu. Ndani ya mzinga mpya hupakwa nta iliyoyeyushwa, hasa nta nyeusi ya masega makuukuu, na hupitishwa moshi. Wako wanaosugua mchaichai mpaka mkono unuke. Wanakemia wamekuja kulieleza jambo hili baadaye: nyuki ana tezi karibu na ncha ya mgongo ambayo hutoa harufu ya kuwaita wenzake, na katika harufu hiyo mna viambato vilevile vilivyomo katika mafuta ya mchaichai. Mwenye kusugua majani yale ameandika mwaliko kwa lugha ya nyuki wenyewe. Wale wa kale waliotandika zaatari na mdalasini walikuwa na hisia hiyohiyo, kwamba nyuki huongozwa na kunusa, ila waliitandika mahali pasipostahili.

Mti wa kutundika nao huchaguliwa kwa utaratibu. Uwe na kivuli cha mchana. Uwe juu ya mahali ambapo mafuriko hufika, na juu ya mikono ya nyegere, ambaye hana mzinga asioweza kuuvunja akiupata chini. Mlango usielekezwe upepo unakotoka. Mzinga huning'inizwa kwa kamba au kulabu, na mahali pa kufungia hupakwa grisi au jivu ili siafu wasipite. Nyuki wa Afrika ni mhamaji: hukaa kukiwa na maua, huondoka kukiwa na ukame au fujo, na mabumba hupita hewani majira fulani. Mzinga lazima uwe tayari kabla hayajapita. Mzee mmoja wa kandokando ya Tana, aliyeniona nikiushangaa mzinga wake uliokaa bila wenyeji, alinisahihisha kwa upole: “Mwanangu, buibui akitangulia humo, msimu umeupoteza.” Ndiyo sababu hupanda kufagia kabla ya mvua. Hutoa utando, mayai ya mjusi, viota vya manyigu. Kungoja kwake kuna kazi nyingi ndani yake.

Jinsi nyuki wanavyoupokea mwaliko huo ilijulikana kwa wanasayansi karibuni tu. Mwaka 1949, huko München, kijana aitwaye Martin Lindauer alikuwa akitazama bumba lililoning'inia kichakani, akaona baadhi ya nyuki wakicheza ule mchezo ambao mwalimu wake Karl von Frisch alikuwa ameonyesha kuwa ni wa kuelekezana chakula. Lakini hawa hawakuwa na chavua. Walikuwa wachafu: mmoja mweusi kwa masizi, mwingine mwekundu kwa vumbi la matofali. Lindauer alifahamu kwamba walitoka kukagua mabomba ya moshi na kuta za mji uliobomolewa na vita, wakitafuta nyumba. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba wapelelezi hao huingia ndani ya tundu na kulizunguka kwa miguu, wakipima ukubwa wake, udogo wa mlango, na kimo kutoka ardhini. Kila alichokijali mpelelezi wa nyuki, mchonga mzinga wa Kulesa alikuwa amekijali kabla yake, gizani mwa gogo, kwa kiganja.

Imani ya ng'ombe ilikuwa na chanzo chake. Mwaka 1894, Carl Robert Osten-Sacken, mwanadiplomasia wa Urusi aliyebobea katika elimu ya nzi, alitoa kitabu akieleza kwamba walioonekana wakitoka mizogani walikuwa nzi wa aina inayofanana mno na nyuki, kwa rangi na kwa mvumo. Funza wake huishi katika maji machafu ya vitu vilivyooza. Ukihesabu mabawa utampata: nzi ana mawili, nyuki ana manne. Anayeishi mbali na mizinga angeweza kudanganyika. Tana ya chini haina nafasi hiyo. Ukame ukishika, ng'ombe wa Waorma hufa nyikani, na mizoga hulala wazi machoni pa wachungaji; tai huja, fisi huja, funza hujaa, na mchungaji wa Kiorma anajua vizuri asali haitoki hapo. Hata simulizi la Samsoni katika Waamuzi 14, aliyekuta nyuki na asali ndani ya mzoga wa simba, halisemi nyuki walizaliwa na simba. Alirudi baada ya muda, na katika nchi ya jua kali mzoga uliokauka mpaka ukabaki ngozi na mbavu ni uwazi mkavu wenye kivuli. Bumba lisilo na mahali pa kukaa lingeweza kuukubali.

Waislamu wa pande hizi wana neno lililo wazi zaidi. Sura ya 16 ya Kurani imepewa jina la nyuki, na ndani yake nyuki wanaelekezwa makao ya aina tatu: milimani, mitini, na katika vile wavijengavyo watu. Hilo la tatu hunigusa kila nikiona mzinga wa gogo, kwa sababu ndani yake kazi ya tezo imepewa heshima moja na mlima.

Jibu kamili la uzazi lilikuja vipande vipande. Francesco Redi alionyesha mwaka 1668 kwamba nyama iliyofunikwa haitoi funza, maana nzi hawakuifikia kuitagia. Jan Swammerdam, Mholanzi, alimpasua yule aliyeitwa mfalme wa nyuki chini ya darubini, akakuta ovari. François Huber wa Geneva, aliyepofuka akiwa kijana, alichapisha mwaka 1792 uchunguzi wa nyuki ambao dunia bado inautegemea. Macho yake yalikuwa ya mtumishi wake, François Burnens, aliyekagua masega na kumsimulia alichoona. Nawaheshimu wote, na Burnens zaidi, ambaye alishika nyuki mmoja mmoja kwa mkono.

Tangu miaka ya 1970 Kenya imekuwa na mzinga wake wa kisasa wenye vijiti vya juu, na masanduku ya mtindo wa Langstroth yamegawiwa vijijini kwa wingi. Yana faida: sega hutolewa na kurudishwa bila kuvunjwa, na mama anaweza kufuga bila kupanda mti. Sipingi hayo. Ila sanduku la mbao nyembamba lililowekwa juani, likinuka rangi, mara nyingi hubaki tupu mwaka mzima, na lawama hubebeshwa nyuki au mfugaji. Lililokosekana ni lile ambalo mchonga gogo hulijua: unene, kivuli, harufu, na mwezi. Pale wazee walipoulizwa kwanza, sanduku likapandishwa kivulini na kupakwa nta kuukuu, matokeo huwa mengine.

Shida kubwa zaidi iko mtoni. Mabwawa ya juu, kutoka Kindaruma mwaka 1968 hadi Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988, yamebadilisha mafuriko yanayolisha msitu wa kingo, na miti mikubwa ya kutundikia imepungua kwa shoka na kwa kiu. Mathenge umeingia, mti wa miiba ulioletwa kuzuia jangwa, na unachukiwa kwa haki na wenye mashamba na mifugo. Nyuki hawauchukii. Mti huo huchanua hata kiangazi, na warina asali wameshaliweka hilo katika hesabu yao ya miezi.

Urinaji ni wa usiku. Mmoja hupanda na kamba na kienge kinachofuka moshi. Mwenzake hubaki chini kupokea. Kifuniko cha nyuma hufunguliwa polepole, moshi hupulizwa kidogo, masega hukatwa mpaka dalili ya kwanza ya majana, na kifuniko hurudishwa na kukandikwa palepale juu. Asali hukamuliwa nyumbani, huchujwa, na sehemu yake hupelekwa kwa wakwe na wagonjwa kabla ya kuuzwa. Nta huchemshwa katika maji, huachwa igande, na donge moja huwekwa kwa mzinga mpya. Gogo lake limeshabanduliwa ganda na linakauka uani. Litapasuliwa mwezi wa tisa, maana maji ya Novemba hayachelewi.